Majibu kwa Wanaomdunisha Mwanafunzi wa Kemia

Kuna maneno ambayo mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya kemia au biokemia huyasikia tangu wiki ya kwanza chuoni mpaka siku anapovaa joho. Huyasikia kwa mjomba aliyemlipia nauli, kwa kaka wa mwaka wa tatu anayekaa naye bwenini na, jambo linaloniuma zaidi, mara nyingine huyasikia kwa mwalimu wake mwenyewe. Yamerudiwa mno mpaka yanapita bila kuulizwa. Nayajibu hapa kwa sababu yana madhara: yanamfanya kijana asiombe nafasi anayoistahili, na yanamfanya mwalimu asimpe sifa ya kazi aliyoitolea jasho.

Nianze na lile la nyumbani: "Umesoma kemia? Basi utaishia kufundisha."

Kufundisha kemia si adhabu. Shule zetu za kata bado zina kiu ya walimu wa sayansi, na kila mkemia aliyepo leo kuna mwalimu aliyemfungulia mlango. Lakini hata tukiuacha ualimu pembeni, madai haya hayalingani na nchi tunayoishi. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo chimbuko lake ni maabara iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1895, hupima vinasaba, dawa za kulevya, sumu katika miili ya marehemu na kemikali zinazoingia bandarini. TBS, shirika la viwango, hupima saruji na mafuta ya kupikia. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, hupima kama kidonge cha malaria kina dawa ndani yake au kina unga mtupu. Mgodi wa Geita hauwezi kujua mwamba upi una dhahabu na upi ni kifusi bila sampuli kupita maabara, zamu baada ya zamu. Viwanda vya sukari vya Kilombero na TPC hupima utamu wa maji ya muwa tangu msimu unapofunguliwa mpaka unapofungwa. Mamlaka za maji hupima klorini kila siku. Bunge la Tanzania lilitunga Sheria ya Wanataaluma wa Kemia mwaka 2016 kwa sababu kazi hizi zipo, na zikifanywa na asiyezijua watu hufa.

Ni kweli kwamba nafasi za kazi ni chache kuliko wahitimu. Sitamdanganya mtu kwa hilo. Ila uhaba huo ndio unaofanya swali la kutambuliwa liwe zito. Wahitimu mia wakiomba nafasi moja, wote wana transkripti. Anayesikilizwa kwanza ni yule mwenye kazi anayoweza kuionyesha na mtu anayeweza kuithibitisha.

La pili huwalenga wanabiokemia, nalo ni katili: kwamba biokemia ni kimbilio la waliosoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) wakakosa nafasi ya udaktari. Nimewahi kuona wanafunzi wakilikubali kabisa, wakaipita miaka mitatu kama watu waliokaa kwenye kiti cha mwenzao.

Wanaosema hivyo wangeitazama Toronto, kiangazi cha mwaka 1921. Frederick Banting alikuwa daktari mpasuaji mwenye wazo moja: kupata kutoka kwenye kongosho ile dutu inayodhibiti sukari mwilini. Upasuaji wa mbwa aliuweza. Alichohitaji kando yake ni mtu wa kupima. Profesa John Macleod alimpa wanafunzi wawili, Charles Best na Clark Noble, na inaelezwa kwamba walirusha sarafu kuamua nani aanze. Best akaanza. Alikuwa na miaka 22, ndiyo kwanza amemaliza shahada ya kwanza ya fiziolojia na biokemia. Ujuzi aliouleta ni ule ambao mwanafunzi wa biokemia wa mwaka wa pili huulalamikia Jumatano mchana katika maabara yenye joto: kupima kiasi cha sukari katika damu na mkojo, kurudia kipimo na kuandika namba bila kuipendelea. Mbwa asiye na kongosho alipochomwa sindano ya kimiminika kile, ni vipimo hivyo vilivyoonyesha kwamba sukari imeshuka. Bila namba hizo Banting angebaki na imani yake.

Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa dawa hiyo hospitalini. Sindano ya kwanza haikufaa kwa sababu dawa ilikuwa chafu. Aliyeisafisha mpaka ikafaa ni James Collip, naye mwanabiokemia. Mwaka 1923 Tuzo ya Nobel ikaenda kwa Banting na Macleod, Best akaachwa. Banting alikasirika, akatangaza kwamba nusu ya fedha zake ni ya Best. Macleod naye akagawana na Collip. Leo kila anayejidunga insulini Temeke au Mombasa anafaidi kazi ambayo daktari peke yake hakuiweza. Kijana anayesoma biokemia hakukosa kitu. Amekaa mahali ambapo ugonjwa huelezwa kwa molekuli na namba, na mahali hapo panahitaji watu makini.

Katika kisa hicho kuna jambo jingine ninalotaka msomaji aliangalie. Makala ya mwanzo kuhusu matokeo yale, iliyotoka mwaka 1922, ilibeba majina mawili: Banting na Best. Kamati ya Nobel ilimsahau kijana, lakini karatasi haikumsahau. Hapo ndipo ulipo mzizi wa mambo yote ninayotaka kuyasema.

Kwa maana neno la tatu, linalosemwa na watu wenye heshima zao, ni hili: utafiti ni wa uzamili na uzamivu, mwanafunzi wa shahada ya kwanza asome, afaulu, aondoke.

Kwanza, mitaala yetu yenyewe inalikataa dai hili. Katika programu nyingi za sayansi mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hupewa mradi na msimamizi, hukusanya data, huandika ripoti na kuitetea. Kama huo si utafiti, kwa nini tunautolea alama? Na kama ni utafiti, kwa nini ripoti ikishasahihishwa inafungwa kwa jalada gumu na kuwekwa kabatini, ambako hakuna atakayeisoma tena? Mwanafunzi ametumia miezi kutenganisha viambato vya mti unaotumiwa na waganga wa kijijini kwao. Mwaka unaofuata mwenzake anapewa mti uleule, anaanza upya, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuwa kazi imekwishafanywa. Huo ni upotevu wa akili za vijana na wa vitendanishi vilivyonunuliwa kwa fedha za umma.

Tanzania ina mfano wake, na najua si wa kemia wala si wa chuo kikuu, lakini unahusu jambo lilelile. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu ungali moto kwenye jokofu, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye akiwa shuleni Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lilelile mgeni aliyekuja kuzungumza na wanafunzi, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la Physics Education ikiwa na majina mawili, la Mpemba likitangulia. Wanafizikia wanabishana mpaka leo kama tukio hilo hutokea kweli na kwa nini, na wanabishana wakilitaja kwa jina la Mtanzania. Osborne angeweza kuandika peke yake na kumshukuru "mwanafunzi mmoja" mwishoni. Hakuna ambaye angemlaumu, na jina la Mpemba tusingelijua.

Najua jibu la baadhi ya wasimamizi: mwanafunzi alifuata maelekezo tu, wazo ni langu, vitendanishi ni vyangu. Jibu hili lina uzito katika hali moja. Aliyeosha vyombo na kuhesabu chupa anastahili shukrani, hastahili uandishi. Lakini vigezo vinavyotumiwa na majarida mengi ya tiba na biolojia, vilivyotokana na kikao cha wahariri kilichofanyika Vancouver mwaka 1978, vinauliza mambo manne: je, mtu huyu amechangia kwa uzito katika kubuni kazi, kupata data au kuzifasiri? Je, ameshiriki kuandika au kuhakiki andiko? Je, ameridhia toleo la mwisho? Je, yuko tayari kuwajibika kwa yaliyoandikwa? Hakuna hata kimoja kinachouliza mtu ana shahada ngapi. Tena vigezo hivyo vinaagiza kwamba aliyetimiza cha kwanza apewe nafasi ya kutimiza vilivyobaki. Msimamizi anayechukua data za mwanafunzi, akaandika makala bila kumwita, kisha akasema "hakushiriki kuandika", amemfungia mlango halafu akamlaumu kwa kubaki nje.

Martha Chase alikuwa na shahada ya kwanza peke yake alipofanya kazi na Alfred Hershey katika majaribio ya kuonyesha kwamba DNA ndiyo inayobeba urithi. Makala yao ilitoka mwaka 1952. Hershey alipata Nobel mwaka 1969 pamoja na wengine wawili, Chase hakuwamo. Lakini mwanafunzi wa biolojia akifungua kitabu, Nairobi au Mbeya, atasoma "jaribio la Hershey na Chase". Jina lake liko pale kwa sababu liliandikwa kwenye makala wakati kazi ilipofanywa, kabla ya mtu yeyote kujua italeta tuzo gani.

Sasa tuje kwenye vifaa, maana kila mjadala huishia hapo. "Hatuna mashine. Tutafanya utafiti gani?"

Sitapuuza shida hii. Nimeona maabara isiyo na maji yaliyotoneshwa, na maabara yenye mashine ya mamilioni iliyofunikwa kitambaa kwa sababu taa yake imeungua na hakuna wa kuinunua. Kazi ya kupima sumukuvu kwenye mahindi na karanga haifanywi kwa kubahatisha. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwafanya watu 317 waugue mashariki ya Kenya na kuwaua 125, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Hapo mashine zinahitajika, na serikali na vyuo wana wajibu wa kuzinunua na kuzitunza.

Lakini dai kwamba bila mashine hizo hakuna la kufanya si kweli, na nitalijibu kwa chumvi. Chumvi ya mezani huongezewa madini joto, yaani iodini, kwa kawaida kama potasiamu iodeti, ili watoto wasidumae akili na watu wazima wasipate rovu. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi inayofika jikoni iwe na angalau miligramu 15 za iodini kwa kilo. Kuipima, mwanafunzi hupima gramu kadhaa za chumvi, akaziyeyusha, akaongeza asidi na potasiamu iodaidi. Iodini hutoka, maji yanakuwa manjano. Kisha anatitreti kwa sodiamu thaiosulfeti, na karibu na mwisho anaongeza wanga: maji yanageuka buluu, na tone la mwisho linaifuta rangi yote. Bureti, pipeti, chupa ya koniko, basi. Kila chuo chenye idara ya kemia kinavyo vifaa hivyo.

Na sisi tunavitumiaje? Tunampa mwanafunzi kimiminika alichokitengeneza fundi wa maabara asubuhi, chenye jibu ambalo mwalimu analo mfukoni. Mwanafunzi anakimbiza jibu hilo, na akilikosa anaazima la mwenzake. Mbinu ni zilezile, saa ni zilezile, gharama ni ileile. Darasa la wanafunzi hamsini, kila mmoja akileta chumvi ya nyumbani kwao, ya Bagamoyo, ya Lindi, ya Pemba, ya duka la Buguruni inayouzwa kwa kupimwa na kikombe, lingetoa taarifa ambayo halmashauri zingeihitaji na ambayo majina hamsini yangestahili kuwekwa chini yake. Kipimo kimoja cha mwanafunzi mmoja kinaweza kukosewa, ndiyo, na ndiyo sababu kila sampuli hupimwa mara tatu na watu tofauti. Kujifunza hilo ni sehemu ya kuwa mkemia.

Au chukua maji ya Arusha. Miteremko ya Meru ina visima vyenye floraidi iliyozidi mno kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na matokeo yake yanaonekana kwenye meno ya watoto na miguu iliyopinda. Kwa miaka mingi Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe: madini ya mfupa huachia haidroksaidi na kushika floraidi mahali pake. Hiyo ni kemia ya mwaka wa kwanza. Mfupa uchomwe kwa joto gani ushike floraidi nyingi? Mkaa huo hudumu muda gani kabla ya kuchoka? Mwanafunzi aliyekulia Usa River ana sababu ya kuyauliza maswali haya kuliko mtu mwingine yeyote, na ana mifupa buchani.

Linalofuata lina nusu ya ukweli: "Fursa za nje si zetu." Baadhi kweli si zetu. Programu kubwa ya Marekani ya utafiti wa kiangazi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, inayofadhiliwa na taasisi yao ya taifa ya sayansi, huwalipa raia na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo. Tuzo ya Goldwater, iliyoanzishwa na bunge lao mwaka 1986, hali kadhalika. Kijana wa Morogoro asipoteze usiku wake huko.

Lakini nyingine ziko wazi, na zinapita bila waombaji wetu. Taasisi ya OIST iliyoko Okinawa, Japani, huchukua wanafunzi wa mataifa yote kwa mafunzo ya utafiti ya miezi kadhaa na kuwapa posho na malazi. KAUST ya Saudi Arabia ina programu ya wanafunzi wageni kuanzia mwaka wa tatu. Shahada za uzamili za Erasmus Mundus za Umoja wa Ulaya humpokea mwombaji aliye mwaka wa mwisho, na katika kemia ya uchambuzi umekuwepo mpango mmoja unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, ambao mhitimu wetu yeyote mwenye mikono mizuri ya maabara angeuweza. Maombi ya Erasmus Mundus kwa kawaida hutumwa kati ya Oktoba na Januari, wakati wengi wetu bado tunahangaika na usajili na bumu. Anayesubiri matokeo ya mwisho ndipo aanze kutafuta pasipoti amechelewa mwaka mzima.

Karibu zote zinataka barua za walimu wanaomfahamu mwombaji. Hapa ndipo tunapokwama kuliko kwenye fedha. Mwalimu anayewajua wanafunzi wake kwa namba za usajili ataandika kwamba mwanafunzi huyu ana nidhamu na anahudhuria vipindi, na barua hiyo itawekwa kando. Aliyemwona akirudia kipimo mara ya nne bila kuambiwa, akaliweka jina lake kwenye bango la mradi, ana kitu cha kuandika. Mwanafunzi naye asiogope kubisha hodi ofisini. Aende na shajara yake ya maabara mkononi, aeleze alichokipata na asichokielewa.

Limebaki la tuzo. Husemwa kwamba tuzo ni mapambo, na kwamba kwa vyovyote ni za wenye GPA ya 4.4 kwenda juu. Sehemu ya pili ndiyo kasoro, na ni ya kwetu kuirekebisha. Zawadi nyingi za mahafali hutolewa kwa kupanga alama kutoka juu, na kwa mpangilio huo mwenye 3.6 anayejua kuitengeneza pipeti iliyoharibika, au aliyegundua kwamba chupa ya kitendanishi ina lebo isiyo sahihi na kuokoa mwezi wa kazi ya darasa zima, hawezi kuonekana. Zipo njia nyingine. MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza mwaka 2019, yana kundi la vyuo vikuu na hayaulizi GPA. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wiki yake ya utafiti na ubunifu ambamo wanafunzi huonyesha kazi. Wanafunzi wengi wa kemia niliozungumza nao hudhani hayo ni ya wahandisi na watu wa kompyuta kwa sababu hakuna mwalimu wao aliyewahi kuwaambia waombe.

Wanaosema tuzo ni mapambo wamuulize msichana wa mwaka wa pili, peke yake kati ya wavulana kumi kwenye meza ya maabara, alijisikiaje idara ilipobandika kwenye ubao kwamba shajara yake ndiyo bora ya muhula. Karatasi moja na mhuri. Tena atakapoomba field kiwandani, ataiambatisha.

Wengine watasema hakuna bajeti ya kuwatambua wanafunzi, lakini hoja hiyo ni dhaifu. Idara inaweza kukusanya ikisari za miradi yote ya mwaka wa mwisho, ukurasa mmoja kwa kila mradi, jina la mwanafunzi juu na la msimamizi chini, ikazitoa kama kijitabu kila mwaka na kukiweka maktaba na mtandaoni. Inaweza kutenga alasiri moja ya mabango na kuwaalika watu wa Mkemia Mkuu, TBS, mamlaka ya maji na kiwanda kilicho jirani, waje wawaone vijana kabla hawajawa bahasha za maombi. Ripoti za mwaka huu zikishakabidhiwa, ikisari za kuanzia zitakuwa tayari ziko mezani kwa mkuu wa idara.